Ukili wa Watu Wawili

Wasifu wa marehemu Bi Mwanabaraka binti Abdullatif (1963–2025), uliosomwa mbele ya ndugu, majirani na marafiki katika hitma yake, Mlingotini, Jumapili tarehe 9 Februari 2025.

Chwa. Ndivyo jani la ukindu linavyolia likichanwa kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka shinani mpaka nchani, kwa mkono usiosita. Chwa, kisha kimya kidogo, kisha chwa tena. Majirani wa Bi Mwanabaraka hawakuwa na haja ya kuuliza kama ameamka salama. Baada ya swala ya alfajiri waliisikia sauti hiyo uani kwake, wakajua chai iko jikoni, mumewe ameshaoshwa uso, na siku imeanza. Ugonjwa ulipoushika mkono wake ua ule ulinyamaza, na tangu Alhamisi baadhi ya majirani wamesema kwamba asubuhi hizi wanajikuta wamekaa vitandani, wamevaa, wanasubiri kitu, halafu wanakumbuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Novemba 1963 hapahapa Mlingotini, mtoto wa tatu wa mzee Abdullatif bin Ishaka, mkulima wa minazi na mihogo, na Bi Saida binti Ausi. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa zimechelewa, na siku aliyozaliwa ilinyesha mpaka kuku wakapanda kitandani, ndiyo maana akaitwa Mwanabaraka. Alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama, Bi Hafidha, msukaji wa mikeka aliyejulikana kuanzia hapa mpaka Mbegani. Kwa bibi huyo ndiko alikojifunza kusuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, ndipo ushonwe mzunguko kwa mzunguko uwe mkeka. Mtoto alikuwa na pupa. Alivuta majani kwa nguvu zake zote ili ukili uonekane umekaza, na ukili ukajikunja kama mkia wa nge.

"Mnagombania nini wewe na huo ukindu?" bibi akamwuliza. "Umekutukana? Usivute. Ukivuta unakukimbia."

Neno hilo, usivute, alilichukua kutoka kwenye baraza ya bibi yake na hakuliacha tena.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Akiwa darasa la sita alikamatwa akisuka chini ya dawati wakati wa somo la historia. Mwalimu alimnyang'anya ukili mbele ya wenzake, akaufungia kabatini, na watoto wakajua atachapwa siku ya kufunga shule. Siku hiyo mwalimu alimwita mbele, akautoa ukili, akaupima kwa mkono wake, akasema, "Umalizie. Nyumbani kwangu sakafu ni tupu." Mkeka ule ndio kazi ya kwanza ya Mwanabaraka kutoka nje ya nyumba yao.

Baada ya shule alilima na wazazi wake, na mikeka aliyosuka ilikwenda Bagamoyo mjini kila mwisho wa mwezi. Kilimo cha mwani kilipofika kwenye pwani yetu alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia majini na kamba na vigingi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia. Ukindu hakuuacha hata siku moja. Aliwafundisha kusuka wasichana wengi wa kijiji hiki, na kwa hao alikuwa mkali kwelikweli. Ukili uliopinda aliufumua mbele ya aliyeusuka, akamrudishia majani aanze upya. Shoga yake, Bi Chausiku, aliyesuka naye maisha yote, bado husimulia jinsi alivyofumuliwa mara nyingi siku moja mpaka akatishia kurudi kwao.

Alifunga ndoa na mzee Salumu bin Ridhiwani siku ya Ijumaa, tarehe 20 Julai 1984. Namna walivyokutana inajulikana soko zima la samaki Bagamoyo, maana soko zima lilikuwepo. Salumu wakati huo alikuwa dalali kijana, mnadi wa samaki, mwenye mdomo usioshika breki. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya kreti akipiga mnada:

"Nani anaongeza? Nani anaongeza? Changu hawa wametolewa majini wakicheka! Tazama meno yao! Nani anaongeza?"

Binti mmoja aliyebeba mikeka kichwani akasimama, akatazama fungu, akatazama dalali. "Kaka," akasema, "punguza maneno, ongeza samaki."

Watu walicheka. Salumu alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Wazee wa soko walisema ndiyo mara ya kwanza kumwona amekosa la kusema. Kabla mwezi haujaisha alituma watu kwa mzee Abdullatif. Bi Hafidha, macho yakiwa yameanza kumpotea, aliwasukia mkeka wa arusi kwa kupapasa, na mkeka huo waliulalia mpaka ukachakaa ukabaki pindo. Walijaaliwa watoto wawili, Haidar na Hajra. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya makelele. Mzee alinadi hata chakula mezani, "Nani anaongeza wali?", na mkewe akimwambia apunguze maneno. Alikuwa akisema hivyo kila siku. Baadaye alijuta kila siku aliyoisema.

Tarehe 9 Agosti 2018, asubuhi, mzee Salumu alikuwa sokoni akinadi kapu la dagaa. Alisema, "Nani anaongeza," akarudia, akarudia tena, na kila aliporudia maneno yalizidi kuwa mazito. Watu walicheka, wakidhani ni mchezo wake. Waliendelea kucheka hata alipoanguka. Ilikuwa ni kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa, mkono na mguu, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "haya".

Akitaka maji alisema haya. Mguu ukimuuma, haya. Akiwa na hasira alilipiga neno hilo kama mtu anayebamiza mlango, na akiona mjukuu wake anaingia alilivuta taratibu kama wimbo. Alikuwa anajua anachotaka kusema, hilo ndilo lililokuwa zito kulitazama. Alikuwa akilitafuta neno kwa macho, kwenye dari, kwenye uso wa mkewe, akidhani ameliona, akifungua mdomo, na likatoka lilelile.

Bi Chausiku alijaribu kumchekesha shoga yake. "Wewe umebahatika, mwenzangu. Mimi wangu nikisema moja anasema kumi. Wako haya, haya, haya! Mume gani tena unataka?"

Bi Mwanabaraka alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kilikwisha, machozi yakaendelea.

Alifanya yote ambayo mtu hufanya. Alimpeleka hospitali, akamfanyisha mazoezi, akamwandikishia kombe kwa zafarani akamnywesha, mzee akasomewa Yasini mpaka majirani wakaihifadhi sauti ya msomaji. Maneno hayakurudi. Ndipo muuguzi mmoja alipomweleza Hajra kuhusu Nyumba ya Rangi, kule Bagamoyo mjini, ambako Mwalimu Mina, aliyestaafu kufundisha sanaa, alikuwa ameufungua ua wa nyumba ya marehemu baba yake kwa yeyote aliyeumwa au aliyefiwa, aje achore, afinyange au akae tu. Hajra alisema sanaa inaponya. Mama yake alilishika neno hilo kama ahadi.

Walikwenda mara ya kwanza mwezi wa Machi 2019. Mzee Salumu alipewa karatasi, rangi na brashi. Alivitazama, akamtazama mkewe, akasema, "Haya?" akaitumbukiza brashi kwenye kikombe chake cha chai akaikoroga. Alipewa udongo, akauminya mara moja, akauweka kando.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanabaraka, "kwa heshima yako. Huyu ameuza samaki wa soko zima. Leo unampa rangi za chekechea?"

"Mama Haidar, sikumfanya mtoto. Nimempa kitu cha kushika."

"Cha kushika anacho. Ananishika mimi."

Ua mzima uliangua kicheko, na mzee naye, haya, haya, kwa furaha. Lakini mkewe hakuwa anatania. Alikuwa amekuja kuchukua maneno ya mumewe, na hapo palikuwa na rangi tu.

Alikaa chini amsubiri, akatoa ukili wake kwapani kama alivyozoea, akaanza kusuka. Mzee alikuwa upande wake wa kushoto. Kidogo kidogo mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaja, ukashika majani yaliyokuwa yakining'inia upande wake, ukayavuta. Ukili ukapinda palepale. Bi Mwanabaraka aliinua mkono amsukume, maana hakuna aliyewahi kugusa ukili wake ukiwa kazini. Hakumsukuma. Alisogea karibu zaidi, bega kwa bega, akauachia mkono wake wa kushoto ulale mapajani, akabaki na wa kulia peke yake. Ukili hausukwi kwa mkono mmoja. Wa kushoto ukawa wa mume, wa kulia ukawa wa mke. Alipovuta alimwambia, "Usivute." Akavuta. "Usivute, bwana." Mpaka adhana ya adhuhuri walikuwa wamesuka kipande kisichozidi shubiri, kibaya, chenye mafundo na matundu, na mzee Salumu alikuwa amelala ameegemea bega la mkewe, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu aanguke.

Kuanzia siku hiyo walikwenda kila Jumanne na Alhamisi. Walisema watasuka mkeka wa kuchukua nafasi ya ule wa arusi. Ukili wao ulirefuka, ukaviringishwa, na baada ya miaka ukawa mzito wa kubebwa kwa mikono miwili. Bi Mwanabaraka aliweza kuusoma kwa vidole akiwa amefumba macho. Hapa ndipo mzee alipokuwa na homa. Hapa ndipo alipokasirika akakata jani. Hapa, pametulia, ndipo Haidar alipokuja na mtoto mchanga. Na kila mwaka, ukindu mpya ukiingia, alimwuliza Mwalimu Mina swali lilelile.

"Maneno yatarudi lini?"

"Sijui, Mama Haidar. Sitaki kukudanganya."

"Danganya kidogo."

Mwalimu alimshika mkono.

Familia imeona ni haki kulisema hili waziwazi, kwa kuwa watu kwa wema wao wamekuwa wakisema kwamba sanaa ilimponya mzee Salumu. Haikumponya. Yuko hapa leo, na neno lake bado ni moja. Nyumba ya Rangi ilimpa usingizi, ikampa mahali pa kwenda Jumanne na Alhamisi, ikampa bega. Mkewe alipokea hayo kwa shukrani. Hayo siyo aliyokuwa akiyaomba.

Kwa wengine ilikuwa vingine. Kwa kuwa alikuwa pale hata hivyo, Mwalimu Mina alimwomba awasaidie wageni, na alisaidia kwa kujitolea kwa zaidi ya miaka mitano. Aliyemkumbuka zaidi ni Mgeni, msichana aliyeletwa na mama yake baada ya kuzaa mtoto asiyelia. Mgeni alikaa ukutani siku nyingi akijibandua kucha. Bi Mwanabaraka hakumpa pole, maana pole alikuwa amepewa za kutosha. Alimwekea fungu la ukindu mapajani.

"Nichanie huu, mwanangu. Vidole vyangu vimechoka."

Havikuwa vimechoka. Mgeni aliyachana majani yote mpaka yakawa nyuzi zisizofaa hata kufungia mboga. Mama yake alianza kuomba radhi.

"Vizuri sana," alisema Bi Mwanabaraka. "Alhamisi nitakuletea mengine."

Alimletea. Baada ya miezi Mgeni alikuwa anasuka, na siku moja akauinua ukili wake kwa aibu. "Shangazi, umepinda. Nifumue?"

Wasichana wa kijiji hiki waliofumuliwa zamani wangeshangaa kusikia jibu. "Usifumue. Siku ile ulikuwa unaumwa, nao umesema kweli. Endelea mbele."

Mgeni alianza kula, akaanza kulala, akaanza kugombana na mama yake kama zamani, na mama yake alilia kwa furaha ya kugombezwa. Baadaye aliolewa Saadani. Walikuwepo wengine kama yeye. Bi Mwanabaraka aliwafurahia kwa moyo wake wote, akarudi nyumbani, akamlisha mumewe, akasikia haya. Siku moja alimwambia Mwalimu Mina, si kwa kulalamika, kama mtu anayeuliza njia tu: "Mikono yangu hii, kwa nini inaponya wa watu?" Mwalimu alimmiminia kahawa. Walikunywa pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 2022 aliona uvimbe kwenye titi la kulia. Hakumwambia mtu. Akienda hospitali, nani atajua haya ya kiu na haya ya choo? Alipokuja kumwambia Hajra, ilikuwa Mei 2023, na madaktari walisema saratani imeshatembea. Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Baada yake mkono wa kulia ulianza kuvimba, kuanzia bega mpaka vidole, ukawa mzito kama gogo la mgomba, na vidole vikakataa kukunjika. Ulikuwa mkono uleule wa kusukia. Mzee Salumu alikuwa akiushika, akiugeuza, akiusugua kwa mafuta ya nazi, haya, haya, kama mtu anayejaribu kuwasha moto kwenye kuni mbichi.

Mwezi wa Juni 2024 alirudi Dar kwa matibabu ya mionzi, akakaa kwa Haidar, Bunju, mpaka Agosti. Mzee alibaki hapa na Hajra, na Bi Chausiku alikuwa akimpeleka Nyumba ya Rangi. Mzee alikaa mahali pake, ukili mapajani, nafasi ya kulia kwake ikiwa wazi. Kila aliyejaribu kuikaa alifukuzwa kwa haya moja kali.

Kilichotokea baadaye kilitokea kwa mapenzi, na familia inaomba kisisimuliwe kwa lawama. Mzee alipata homa akakaa nyumbani kwa siku kadhaa, na zilikuja habari kwamba Bi Mwanabaraka anarudi. Wasukaji wenzake, Bi Chausiku akiwa mbele yao, walisema asirudi akakuta sakafu tupu, mgonjwa alale kwenye mkeka mpya, mkeka wake. Ukili upo, mrefu wa kutosha. Wakaukunjua. Walikuwa wasukaji, wamefunzwa na yeye. Wakaona mafundo, wakaona matundu, wakaona umepinda kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nani atamshonea mwalimu wake mkeka wa ukili uliopinda? Mgeni angewazuia, lakini alikuwa Saadani. Mwalimu Mina alikuwa safarini. Walifumua wote. Waliloweka majani, wakatupa yaliyokatika, wakaongeza mapya, wakasuka kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni, ukili umenyooka kama mstari wa rula. Wakaushona, wakautia pindo la rangi ya zambarau.

Bi Mwanabaraka alipoingia ndani ya nyumba yake walimpokea kwa vigelegele, wakautandika mbele yake. Aliinama taratibu akaushika kwa mkono wa kushoto. Waliokuwepo walimwona akipapasa, kutoka pindo hadi katikati, akirudi, akitafuta. Hakukuwa na fundo hata moja.

"Mashallah," alisema. "Mmefanya kazi. Mungu awalipe."

Mzee Salumu naye alishuka kutoka kitini, akajikokota, akapapasa. Alimtazama mkewe. "Haya?" Akapapasa tena. "Haya?" Aligeukia ukuta, na tangu siku hiyo hakukubali kupelekwa Nyumba ya Rangi, wala kugusa ukindu.

Bi Chausiku alipoelewa alikuja kupiga magoti. "Shoga, nimefanya nini mimi?"

"Umefanya nilivyokufundisha," alisema Bi Mwanabaraka. "Ningekuwa wewe ningefumua mapema zaidi. Inuka, utaniumizia magoti yako bure."

Alimsamehe kwa maneno na kwa moyo. Lakini msamaha haukurudisha ukili. Alitamani kuanza upya na mumewe, hata shubiri moja, na mkono ulikuwa pale kitandani kando yake kama mzigo wa mtu mwingine. Mkeka ule mzuri aliagiza upelekwe Nyumba ya Rangi, atandikiwe anayekuja kwa mara ya kwanza. Uko huko.

Miezi yake ya mwisho aliitumia kumfundisha Hajra kusikiliza. Alikuwa amelala, Hajra amekaa, na mzee akisema neno lake mama alitafsiri. "Hiyo inayovutwa mwishoni ni maji. Hiyo fupi ni mguu. Akisema mara mbili haraka anataka kutolewa barazani, usimcheleweshe." Ilikuwepo moja, aliyoisema karibu na magharibi akitazama mlangoni, ya sauti ya chini. Hajra aliuliza hiyo ni nini. Mama yake aliisikiliza kwa muda.

"Hiyo sijui, mwanangu. Nimeisikiliza miaka yote. Sijui."

Bi Mwanabaraka alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mwezi wa Shaabani, mumewe na binti yake wakiwa pembeni. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri, katika makaburi ya hapa Mlingotini, kando ya bibi yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Ameacha mume, mzee Salumu bin Ridhiwani, watoto wawili, Haidar na Hajra, wajukuu watano, kaka yake, mzee Abdala, shoga yake, Bi Chausiku, na wale wote waliokaa kando yake Nyumba ya Rangi, ambao familia inawahesabu kuwa ni wake. Mnapompa mzee mkono wa pole, mpeni kwa mkono wa kushoto. Tunajua mkono huo kwa desturi haupewi mtu. Kwake ndio uliobaki.

Mwenyezi Mungu amsamehe alipoteleza, amkubalie alichokitenda, aifanye nyepesi safari yake, na ampe huko mapumziko ambayo huku hakuyapata. Amin.

Hajra ameomba lisomwe jambo moja la mwisho. Jumanne iliyopita, siku mbili kabla ya kifo, baada ya alasiri, alikuwa uani akiosha vyombo aliposikia chwa kutoka chumbani. Kwa mazoea ya zamani alidhani ni mama yake ameamka. Lakini haikuwa sauti ile. Ilikuwa inakatika katikati, inaanza upya. Alichungulia mlangoni. Baba yake alikuwa amelitoa fungu la ukindu uvunguni, fungu kuukuu, akawa amekanyaga jani kwa mguu mzima na kulichana kwa ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Alichana majani kadhaa, mengine yakaharibika. Kisha alipanda kitandani, akajikokota mpaka upande wa kulia wa mkewe, penye mkono uliovimba, pale ambapo hakuwahi kukaa, akayabana majani kwa vidole vya mguu, akaanza kusuka kwa mkono mmoja. Yalichomoka. Aliyabana tena, yakachomoka tena. Alipofanikiwa kupitisha jani moja chini ya jingine alilivuta kwa hasira ya mambo yote.

Hajra alitaka kuingia amsaidie. Mama yake alimwona, akamzuia kwa macho.

Bi Mwanabaraka hakuwa na mkono wa kumpa. Ule wa kulia haukuinuka. Aliuinua wa kushoto, ambao katika kazi yao haukuwahi kuwa na nafasi, akauvusha juu ya kifua chake taratibu mpaka ukafika, akauweka juu ya kifundo cha mkono wa mumewe, akauacha hapo bila kukandamiza. Mzee aliacha kusuka, akamgeukia.

"Haya?"

Na yeye, kwa sauti ambayo Hajra aliisoma midomoni zaidi ya kuisikia, akasema, "Usivute, bwana. Usivute."